Mtihani wa Mikono

Askari yeyote aliyepita depo ajua ya kuwa mitihani ni ya aina mbili. Uko mtihani wa karatasi, ambao mtu hukaa kitini, akafikiri, akaandika, akafuta na kuandika tena. Na uko ule mwingine ambao bunduki huwekwa juu ya meza, ofisa akasimama kando na saa mkononi, na kuruta akaamriwa aifungue vipande vipande kisha airudishe kama ilivyokuwa. Hapo hakuna kufuta. Aliyekesha akisoma kitabu cha silaha bila ya kuishika silaha yenyewe hujulikana kabla ya nusu dakika kupita, kwani mikono yake humsema.

Madaktari wapasuaji nao wana mtihani wa namna hiyo. Nyumba nyingi zenye kijana anayejiandaa kuufanya haziujui ila kwa dalili zake: taa isiyozimwa, simu isiyowekwa chini, na mtu mzima anayefunga na kufungua uzi katika mguu wa meza huku chakula kikipoa. Katika mji wa Bujumbura, ambako Hospitali ya Kijeshi na Hospitali ya Chuo Kikuu zote mbili zimo Kamenge, na Hospitali ya Prince Régent Charles iko karibu zaidi na katikati ya mji, dalili hizo si ngeni kwa majirani. Aghalabu mke hulalamika, watoto hucheka, na mgeni huuliza kama baba mwenye nyumba yu mzima. Yafaa jamaa wajue ni jambo gani linalotendeka, kwani sehemu kubwa ya maandalizi hayo sasa hufanyika nyumbani, mbele ya macho yao, kwa njia ya mtandao wa intaneti.

Zamani mtahiniwa wa udaktari alipewa mgonjwa mmoja, akakaa naye, akampima, kisha akaja kuhojiwa na watahini wawili. Aliyepata mgonjwa msemaji na ugonjwa ulio wazi alibahatika. Aliyepata mzee kiziwi mwenye maradhi matatu alikuwa na lake la kumwambia Mungu. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walichapisha njia nyingine: watahiniwa wote wapite katika vituo vile vile, kila kituo na kazi yake, muda uwe sawa kwa wote, na alama zitolewe kwa karatasi iliyokwisha kuandikwa mambo yatakiwayo. Kengele ikilia mtu huingia; ikilia tena hutoka, hata kama neno bado limo mdomoni. Njia hiyo imeenea duniani kote, nayo ndiyo inayotumiwa leo kuwapima vijana wanaotaka kuitwa wapasuaji.

Kituo kimoja aweza kumkuta mgonjwa mwenye uvimbe shingoni, akatakiwa amchunguze na kueleza kama ni rovu au ni kitu kingine. Cha pili ni mtu mwenye ngiri. Cha tatu pana mfupa wa binadamu juu ya meza, na mtahini akauliza ni mshipa gani upitao hapa. Cha nne pana kipande cha ngozi ya bandia, sindano na koleo, naye ashone. Cha tano pana picha ya eksirei ya kifua. Cha sita ameketi mama mmoja tu, bila kidonda wala bendeji, na kazi ya daktari ni kumweleza operesheni atakayofanyiwa mpaka aelewe na kuridhia. Katika kila kituo dakika ni chache, mara nyingi hazifiki kumi. Wengi waanguka si kwa sababu hawakujua, bali kwa sababu walianza na jambo la tatu kabla ya la kwanza, au walisahau kunawa mikono, au hawakumsalimu mgonjwa. Mambo hayo yote yana alama zake, na kwa haki, kwani mgonjwa asiyesalimiwa huficha nusu ya ugonjwa wake.

Kwa upande huu wa Afrika, chombo kinachosimamia mitihani ya namna hiyo kwa nchi nyingi ni Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kijulikanacho kwa kifupi kama COSECSA. Kilianzishwa mwaka 1999, na makao yake yako Arusha. Burundi ni mojawapo ya nchi wanachama, pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Zambia, Malawi na nyinginezo. Ni chuo cha ajabu kidogo, kwa kuwa hakina madarasa. Mwanafunzi hubaki katika hospitali iliyokubaliwa ndani ya nchi yake, akafundishwa na mabingwa waliopo hapo huku akiwatibu watu wa kwao, kisha huenda kupimwa pamoja na wenzake wa nchi nyingine kwa kipimo kimoja. Daraja la kwanza hutaka miaka isiyopungua miwili ya mafunzo baada ya mwaka wa mazoezi; ubingwa kamili hutaka mitano kwa jumla.

Mpango huo wafaa nchi maskini kuliko ule wa kumpeleka kijana Ulaya miaka saba, akarudi, au asirudi. Lakini una mzigo wake. Mwanafunzi aweza kuwa peke yake hospitalini, au pamoja na wenzake wawili tu, na bingwa anayemfundisha ndiye huyo huyo anayeitwa usiku kwa mama aliyeshindwa kujifungua. Mwalimu wa kumkalisha chini na kumuuliza maswali hayupo. Kwa ajili hiyo, COSECSA ikishirikiana na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland ilijenga shule iliyo ndani ya intaneti, ambayo humpa mwanafunzi visa vya wagonjwa vya kujadili, masomo ya kusoma na walimu wa kujibu kutoka mbali. Hata daftari la operesheni alizozifanya kila mmoja, ambalo zamani lilikuwa la karatasi na kuliwa na mchwa, sasa huandikwa katika kompyuta.

Na ichukuliwe nyumba moja ya Ngagara kuwa mfano. Haina jina hapa, kwa sababu ni nyumba nyingi zilizokusanywa katika moja. Mume ni luteni na daktari wa jeshi. Mke ni koplo wa polisi. Wana mtoto wa kiume wa miaka minane, na mama mzazi wa daktari ameshuka kutoka mlimani kuja kukaa nao kwa majuma machache. Baada ya chakula cha jioni, simu huegemezwa kwenye chupa ya chai, na katika kioo chake kidogo hutokea nyuso tatu: daktari mmoja wa Kampala, mmoja wa Lusaka, na mmoja wa Arusha ambaye usiku huo ndiye atakayejifanya mtahini.

Kabla hata ya somo, kuna la saa. Bujumbura na Lusaka hufuata saa moja, bali Arusha na Kampala wametangulia kwa saa nzima. Mwalimu akisema mazoezi ni saa mbili usiku, hapana budi aseme saa mbili ya wapi. Jambo hili dogo limewaponyoka wengi, na si vijana tu.

La pili ni la njia yenyewe. Nyaya kubwa zilizopita chini ya bahari ziliifikia pwani ya Afrika Mashariki mnamo mwaka 2009 na 2010, na kabla ya hapo intaneti ya nchi hizi ilitegemea zaidi setilaiti, ikawa ghali na nzito. Burundi haina pwani. Mawasiliano yake hupita ardhini kwa jirani kwanza. Mambo yamekuwa bora kuliko yalivyokuwa, lakini umeme hukatika, sauti hukwama, na vocha huisha katikati ya sentensi. Mwenye busara hupakua somo mapema wakati mtandao umetulia, akalihifadhi katika simu, na akazima picha abaki na sauti tu mambo yakiwa mabaya. Huchaji simu kazini. Na katika hesabu ya nyumba huandikwa kifungu cha vocha kama kinavyoandikwa cha mchele na mkaa, ili isije ikawa kila wiki ni ugomvi.

La tatu ndilo kubwa kwa Mrundi. Daktari huyu alisoma udaktari wote kwa Kifaransa. Wagonjwa wake husema Kirundi, na wa Buyenzi na Bwiza husema Kiswahili. Lakini lugha kuu ya mtihani ni Kiingereza. Kujua ugonjwa na kujua kuusema ni mambo mawili. Virusi vya UKIMWI ambavyo maisha yake yote ameviandika VIH, hapa ni HIV. Picha ile ya sumaku aliyoiita IRM, hapa ni MRI. Herufi ni zile zile zimegeuzwa kama nguo iliyovaliwa nyuma mbele, na akili iliyochoka huchukua iliyozoea. Mwenzake wa Kampala, aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto, hujibu akiwa bado anafikiri. Yeye hufikiri kwa Kifaransa, akafasiri, ndipo akajibu, na katika kituo cha dakika chache kufasiri huko kwaweza kumla dakika nzima. Basi dawa yake ni moja, nayo ni kusema kwa sauti. Si kusoma kimoyomoyo. Kila hatua ya uchunguzi husemwa kwa Kiingereza, kila jioni, mpaka maneno yatangulie mawazo kama yatanguliavyo mawazo ya kuruta anayeitikia amri ya gwaride.

Usiku mmoja mtahini wa Arusha humwambia: ameletwa kijana aliyegongwa na gari, anapumua kwa shida, anza. Saa inahesabu. Luteni hujibu haraka kwamba ataagiza eksirei. Hapo hapo amekwisha kosa, na wenzake wamwambia bila huruma.

Jambo hili lina historia yake. Mwezi Februari 1976, daktari wa mifupa wa Marekani, James Styner, alikuwa akirusha ndege yake ndogo pamoja na jamaa yake, ikaanguka katika shamba la Nebraska. Mkewe alikufa pale pale, na watoto wake watatu kati ya wanne waliumia vibaya. Alipofika hospitali ya karibu akaona jinsi walivyohudumiwa, alitambua kwamba madaktari wale hawakuwa na utaratibu wa kufuata kwa majeruhi wa aina ile. Akatengeneza utaratibu pamoja na wenzake. Mafunzo ya kwanza yalifanyika mwaka 1978, na mwaka 1980 Chuo cha Wapasuaji cha Marekani kikayachukua na kuyaeneza. Hatua zake hufuata herufi: kwanza njia ya hewa, huku shingo ikilindwa, kisha kupumua, kisha damu, kisha fahamu, kisha kumvua nguo na kumtazama mwili mzima bila ya kumwacha apigwe na baridi. Kila kasoro hutibiwa pale inapoonekana kabla ya kwenda hatua ifuatayo. Siku hizi, hasa kwa mafunzo yaliyotoka vitani, hutanguliwa na kuzuia damu inayobubujika, kwani mtu aliyekatika mshipa wa paja haingoji zamu yake. Askari wa Burundi waliohudumu Somalia kuanzia mwaka 2007 na kuendelea hawahitaji kuelezwa habari hiyo.

Eksirei basi si mwanzo. Majeruhi aliyejaa hewa kifuani kwa mbano aweza kufa akiwa kwenye foleni ya picha. Mtahini hutaka kuona kama kijana ataweka mkono na sikio kabla ya kuita mashine. Luteni huanza tena. Mara ya nne hufika mwisho bila ya kukwama, naye mwenzake wa Lusaka humwambia kuwa amesahau kuvaa glovu.

Vipo vitu ambavyo simu haiwezi kufundisha, na ni uongo kusema yaweza. Kioo hakionyeshi ubaridi wa mguu uliokosa damu. Hakimpi daktari ule ugumu wa tumbo lililokataa kuguswa, ugumu wa ubao, ambao mkono ukiugusa mara moja hausahau. Mafunzo hayo yako wodini tu, na kila mgonjwa apimwaye kwa adabu asubuhi ni mwalimu asiyelipwa. Mtandao wafundisha mpangilio, maneno na muda. Wodi yafundisha vidole. Aliye na kimoja bila kingine hutambuliwa, kama yule kuruta wa kitabu.

Katikati ya hayo mawili pana nyumba, na hapa ndipo jamaa waweza kusaidia kuliko wanavyodhani.

Kushona na kufunga mafundo hakuhitaji hospitali. Ganda la ndizi hushonwa vizuri, tena humfundisha mtu wepesi wa mkono, kwani akivuta kwa nguvu lapasuka kama ipasukavyo ngozi ya mzee. Ngozi ya kuku kabla haijaingia chunguni, mguu wa mbuzi, kipande cha sponji ya godoro kilichofungwa kitambaa, vyote vyafaa. Uzi wa nyavu upatikanao kwa wavuvi wa ziwani ni wa bei nafuu kuliko uzi wa hospitali, na kwa mafundo hauna kasoro. Wengine hukata tundu mbili katika boksi la karatasi, wakaweka simu juu iwe jicho, wakajifunza kuokota punje za maharagwe kwa koleo ndefu huku wakitazama kioo, ndiyo njia ya upasuaji wa tundu dogo. Ila sindano zihesabiwe kabla na baada, kama risasi zihesabiwavyo ghalani, maana sindano iliyopotea kwenye mkeka hupatikana na unyayo wa mtoto.

Mama mzazi wa luteni, aliyesuka vikapu tangu usichana wake, alimtazama mwanawe akifunga uzi katika mkono wa kiti jioni mbili bila ya kusema neno. Ya tatu alisema.

"Mwanangu, fundo hilo ni la mbuzi anayetakiwa atoroke."

"Kwa nini, Mama?"

"Vuta uone."

Alivuta, likateleza. Alikuwa akipitisha uzi wa kulia juu ya wa kushoto, kisha tena wa kulia juu ya wa kushoto, kwa haraka ya kushindana na saa. Fundo la kweli hugeuza: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, nalo hulala bapa na kujikaza lenyewe. Kwenye kikapu kosa hilo ni kikapu kuachia. Kwenye mshipa wa damu, ni mgonjwa aliyelazwa salama saa kumi na moja jioni akakutwa ameloa damu saa nane za usiku, na hakuna aliyejua ni lini ilianza. Mtahini hutazama fundo kwa sekunde tatu tu, naye ajua. Bibi kizee hakuhitaji hata tatu.

Mtoto naye hupewa kazi ya kengele. Sufuria na kijiko vyatosha. Na mke huwa mgonjwa.

Hapo mwanzoni koplo aliona ni mchezo. Siku moja alikuwa mtu mwenye kidole tumbo, siku nyingine mwenye goti bovu, akawa akicheka mumewe akimgusa na kumwuliza kwa Kiingereza kama ana maumivu. Kisha kikaja kituo cha habari mbaya. Kazi iliyoandikwa ilikuwa hii: mama wa kijana aliyefia katika chumba cha upasuaji yuko nje anangoja, mwite, umwambie. Luteni alisimama mlangoni, akasema kwa sauti ya upole maneno mengi mazuri aliyoyakariri: kwamba jeraha lilikuwa kubwa, kwamba kikosi kizima kilijitahidi, kwamba damu iliongezwa, kwamba kwa bahati mbaya matokeo hayakuwa kama yalivyotarajiwa. Mkewe hakucheka.

"Baba Watoto, mwanangu amekufa au hakufa?"

"Nimekwambia, Mama Watoto."

"Hukuniambia. Na ulikuwa ukitazama saa ya ukutani."

"Zimebaki dakika mbili tu."

"Zibaki. Keti kwanza."

Koplo huyu, kwa kazi yake, alikwisha kupiga hodi katika nyumba za watu alfajiri akiwa amevaa sare. Watu wa jeshi na polisi wajua hodi hiyo. Mwenye nyumba huisoma sare kabla mdomo haujafunguka. Naye alijifunza, bila kitabu, yale ambayo Walter Baile na wenzake wa Marekani waliyaandika mwaka 2000 kwa hatua sita na ambayo leo hufundishwa kwa madaktari wengi duniani. Mtu akalishwe mahali pa faragha. Aulizwe kwanza anajua nini. Aonywe kwamba habari inayokuja si njema. Aambiwe kwa neno lililo wazi, "amefariki", na si kwa mafumbo, kwa sababu moyo wa mama hujificha ndani ya mafumbo na kutumaini. Kisha msemaji anyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, na karatasi ya alama yakutambua. Baadaye tu ndipo hufuata maelezo, na mambo ya mwili na maziko, na ni nani atakayemsindikiza nyumbani.

Walirudia mara sita usiku ule. Mara ya sita luteni aliketi, akasema neno lenyewe, akanyamaza. Mkewe alilia kidogo, na haikuwa sehemu ya mazoezi.

Kwa nini jamaa zivumilie haya? Kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji ilieleza mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu wakati wanapouhitaji, na kwamba kila mwaka zapungua operesheni milioni 143 ambazo zingeokoa maisha au kuzuia ulemavu. Iliweka kiwango cha chini cha wataalamu wa upasuaji, usingizi na uzazi kuwa 20 kwa kila watu 100,000. Burundi na jirani zake wako mbali mno na idadi hiyo. Kamisheni ilitaja operesheni tatu ambazo hospitali ya wilaya yenye kuziweza yaweza na nyingine nyingi: kumtoa mtoto tumboni kwa kisu, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje. Hakuna jamaa ya askari isiyomjua mtu aliyehitaji moja ya hizo tatu. Swali lililokuwa mbele yake wakati huo si kama daktari alipata alama ngapi, bali kama alikuwapo na kama aliweza.

Na kuweza huko si kwa kisu pekee. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuulizwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla ya mgonjwa kutoka. Huyu ni nani? Anakatwa wapi? Je, vitambaa na sindano vimetimia hesabu? Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, mmojawapo ukiwa Ifakara nchini Tanzania, na majibu yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni karatasi moja tu. Mtahiniwa anayeiona kuwa ni kazi ya wauguzi hupoteza alama, na apoteze.

Yapo pia ya kuepukwa. Mtandao una wachuuzi wauzao kile wanachokiita maswali ya mwaka huu. Fedha hizo ni za kutupa ziwani. Na kama yangekuwa ya kweli, basi mnunuzi angekuwa mwizi na mgonjwa wake angelipa deni. La pili ni picha. Daktari kijana akiona kidonda cha ajabu hutamani kuwapelekea wenzake wa Arusha waone. Kidonda kile kina mwenyewe. Pasipo ridhaa yake, na pasipo kuficha uso, jina na alama yoyote ya kumtambulisha, picha isipigwe, seuze kupelekwa. Kwa askari lina uzito zaidi, kwani picha ya jeraha yaweza kusema ni kikosi gani kilikuwa wapi. Na simu yenye masomo isiwe ile ile wachezeayo watoto.

Usingizi nao wastahili neno. Atokaye zamu ya usiku asikae mbele ya simu mpaka saa sita akijidanganya kwamba anasoma. Saa moja ya macho makavu yazidi tatu za kusinzia. Mke aonaye hivyo na azime taa. Amri ya namna hiyo haimvunjii mtu heshima, hata awe na nyota mabegani.

Mtihani wa vitendo hufanyika mwishoni mwa mwaka, katika nchi moja mwaka huu na nyingine mwaka ujao, na mtahiniwa kutoka Bujumbura mara nyingi husafiri. Pasi ya kusafiria itazamwe tarehe yake miezi kabla. Ruhusa ya mkuu wa kikosi iombwe mapema na kwa maandishi. Koti jeupe lifuliwe na kupigwa pasi, mikono ya shati ikunjike juu ya kiwiko, saa ya mkononi na pete zibaki mfukoni, kucha zikatwe. Mama mkwe na mkwe watakuwa wamekwisha kusemezana juu ya chakula cha njiani, na kila mmoja atakuwa amefunga chake.

Jioni ya mwisho kabla ya safari, katika nyumba ile ya Ngagara, umeme ulikatika saa moja na robo. Nyuso tatu zilitoweka katika simu. Koplo aliwasha taa ya mafuta, akaiweka mezani, akapanga viti vitano kuzunguka ukuta: kiti cha uzi, kiti cha goti, kiti cha kijana aliyegongwa na gari, kiti cha ridhaa, na cha mwisho karibu na dirisha alikikalia mwenyewe, mikono mapajani, kama mama anayengoja nje ya chumba cha upasuaji. Bibi alipewa kiti cha uzi, awe mtahini. Mtoto alisimama katikati na sufuria yake. Alimtazama baba yake, akamtazama bibi, akagonga.